Bei ya Viungo

Nchi hii haina jina. Ilikuwa nalo, tena zuri tu, lakini lilipelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na mpaka leo halijarudi. Kwa hiyo atakayedhani kwamba anaijua, amejidhania mwenyewe, sisi hatumo.

Katika nchi hiyo ulikuwepo mkoa uitwao Harufu Njema, na ndani ya mkoa huo hospitali, na ndani ya hospitali chumba kirefu chenye vyuma viwili vya kushikilia, kitanda cha mbao, na mwanamke aitwaye Zawena Kilongola. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kutembea. Si watoto; watoto hujifunza wenyewe bila kuisumbua bajeti. Zawena aliwafundisha watu wazima waliokwisha kujua kutembea, wakaanguka, wakasahau. Na Harufu Njema watu huanguka hasa. Ndiko inakotoka karafuu, na mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi yasiyo na adabu. Msimu wa kuchuma ukianza, wodi ya mifupa hujaa kama ukumbi wa harusi, isipokuwa hakuna anayecheza.

Cheo chake, kama kilivyoandikwa kwenye barua ya ajira, kilikuwa Mtaalamu wa Viungo. Wagonjwa walimwita Dokta. Wengine walimwita Mkandaji, naye hakuchukia, mradi walikuja.

Mgonjwa aliyemsumbua kuliko wote, na aliyempenda kuliko wote, alikuwa Bi Siwatu. Huyu alikuwa mama mtu mzima, mwenye meza kubwa sokoni ya iliki, mdalasini na pilipili manga, na ulimi unaowasha kuliko bidhaa zake. Aliangushwa na mkarafuu wake mwenyewe, nyonga ikavunjika. Daktari alimuunga mfupa. Kumsimamisha ilibaki kazi ya Zawena.

"Haya, Bi Siwatu. Mguu mbele."

"Upi?"

"Huo huo unaoulalamikia."

"Huo si wangu tena, mwanangu. Huo ni wa serikali. Uambie wewe, labda utakusikia."

"Nimeuambia jana ukasikia."

"Jana ulikuwa na njaa, haukuwa na nguvu ya kubisha. Leo umekula uji."

Hivyo ndivyo walivyokwenda, mmoja akisukuma, mwingine akitukana, na mguu ukitambaa katikati ya vyuma. Ila kuviachia vile vyuma Bi Siwatu hakuthubutu. Mikono yake ilivishika kama mtu anayevuka daraja la kamba. Zawena alijua kwamba akipewa muda mpaka mavuno yajayo, yule mama ataviacha na kurudi sokoni kwa miguu yake. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Asichokijua ni kama yeye mwenyewe angefika kwenye hayo mavuno, maana mshahara wake ulikuwa haumfikishi hata katikati ya mwezi.

*

Hapo lazima tuieleze sheria yenyewe, na tuieleze kwa heshima, kwa sababu ilikuwa sheria nzuri.

Waheshimiwa wa nchi ile walikaa wakaona kwamba maisha hayako sawa kila mahali. Pengine ni ghali, pengine ni rahisi. Wakasema: basi mshahara wa mtumishi ufuate maisha ya pale alipo. Maisha yakipanda, upande nayo. Nani atalipinga jambo kama hilo? Watu walipiga makofi, na makofi yalipokwisha ndipo likaja suala la kuyapima hayo maisha.

Ikaamuliwa kila kada ipimwe kwa kitu chake. Walimu wakapimwa kwa bei ya chaki. Madereva wa serikali, kwa bei ya matairi. Polisi walipimwa kwa bei ya chai, na kwao hakukutokea lalamiko hata moja. Ilipofika zamu ya wataalamu wa viungo, karani aliyekuwa na kalamu alikuwa ametoka kula pilau. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma "viungo", akajilamba, akaandika: mshahara wao ufuate bei ya viungo sokoni.

Kuanzia hapo mambo yakaenda kwa utaratibu, na utaratibu ndio uliowamaliza.

Kule mji mkuu, Makao, hakuna mche wa iliki hata mmoja. Iliki ya Makao hutoka Harufu Njema kwa magunia, huvuka bahari, hutiwa kwenye vipaketi vyenye picha ya mzungu anayetabasamu, hurudi na kuuzwa dukani kwa bei ya kiatu. Kwa hiyo mtaalamu wa viungo wa Makao alilipwa vinono, akajenga, akafuga mbwa wa kizungu.

Kule Kaukia, mkoa wa vumbi na mbuzi, watu hupika kwa chumvi na subira. Mpimaji alizunguka soko zima asione hata punje ya pilipili manga, akaandika kwa ukweli wake: bei haikupatikana. Basi na mshahara nao haukupatikana. Mtaalamu wa mwisho aliyepelekwa kule alionekana akiswaga punda wa maji, naye alipoulizwa alisema hamkumbuki mtu wa jina hilo.

Na Harufu Njema je? Harufu Njema iliki huoza njiani. Mdalasini huwashia moto. Watoto hurushiana karafuu. Kwa kipimo cha serikali, hapakuwa na mahali maisha yalipokuwa rahisi kwa mtaalamu wa viungo kuliko pale.

Lakini unga ulitoka mbali kwa barabara mbovu, na kila shimo lililokuwamo barabarani liliongezwa kwenye bei. Sabuni hivyo hivyo. Maji ya kununua. Na vyumba, usiseme. Wanunuzi wa karafuu walikuja na mikoba yao wakapanga kila kilichokuwa na paa, hata mabanda ya kuku yakapakwa chokaa yakaitwa hoteli. Zawena alijaribu kumweleza mwenye nyumba kuhusu bei ya mdalasini. Mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha mlango. Akaishia kulala kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja, juu ya magunia, akilala na njaa huku ananukia kama biriani.

*

Alivumilia hadi siku aliyojikuta anamwinua mgonjwa, na mgonjwa ndiye aliyemdaka yeye.

"Dokta," alisema Bi Siwatu kutoka kwenye vyuma, "ukianguka wewe, sisi atatuinua nani? Nenda kawaambie wakubwa wako."

Akapanda lori la karafuu hadi Makao. Aliamini, maskini, kwamba kosa lilikuwa neno moja tu, na kwamba neno moja huelezwa kwa dakika chache.

Kamishna wa Viungo aliitwa Mheshimiwa Mgongolwa. Zawena alimkuta ofisini amelala kifudifudi kwenye kitanda cha ngozi, uso umezama kwenye tundu la kitanda, anakandwa. Aliyekuwa anamkanda alikuwa Shomvi, aliyesoma na Zawena chuo kimoja, darasa moja, benchi moja. Shomvi alimkonyeza, akaendelea kukanda. Ikabidi Zawena auhutubie mgongo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," ulijibu mgongo. "Unatokea wapi?"

"Harufu Njema."

"Aaa! Mkoa wetu mtamu! Iliki haijambo?"

"Iliki haijambo, Mheshimiwa. Mimi ndiye sijambo kwa shida. Mimi sishughuliki na iliki. Nashughulika na magoti, nyonga, mabega. Viungo vya mwili."

Mgongo ukakakamaa. Shomvi akapunguza mikono.

"Unataka kuniambia," mgongo ulisema polepole, "kuna viungo vya aina mbili?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na vyote vinaitwa viungo?"

"Vyote."

"Sasa hiyo tofauti mmeipatia wapi?"

"Vile vinatiwa kwenye chungu, Mheshimiwa."

"Na hivi vyako?"

"Hivi ndivyo unavyokandwa hapo."

Shomvi akakohoa kikohozi kirefu. Mheshimiwa akanyanyua kichwa kutoka kwenye tundu, uso umepigwa chapa ya duara, akaketi, akajifunga taulo kwa adabu kama joho.

"Dada yangu," akaanza, na sauti yake ikawa ile ya kwenye redio. "Taifa hili ni moja. Lugha yake ni moja. Neno lake ni moja. Leo wewe unakuja kulipasua neno mbele yangu, nami sina nguo. Tukikuruhusu upasue viungo, kesho atakuja mwingine apasue nini? Mwaka jana Wizara ya Mifugo ilihesabu mbuzi wote wa nchi hii, wa malisho na wa kukunia nazi. Wapo waliotaka kutuvuruga. Eti mbuzi wa nazi hali majani! Tukawauliza, hata wale wa malisho, wakishiba, wanakula? Na tumekuwa wa kwanza kwa mbuzi katika eneo lote hili. Wafadhili walisimama wakatupigia makofi."

"Lakini Mheshimiwa, mimi silali vizuri, sili..."

"Kipimo hakina kosa. Bei ikipanda, mshahara unapanda. Wewe unanung'unika nini, na bei haijapanda? Nenda kaombe bei ipande." Akajilaza tena. "Bwana Shomvi, hapa shingoni. Kidogo juu. Haaa."

Kwenye varanda Shomvi alimfuata akijifuta mafuta mikononi.

"Wewe Zawena, hubadiliki. Unamwambia mkubwa hivyo, mbele ya mgongo wake?"

"Kwa nini hukusema kitu? Wewe si unajua?"

"Najua nini? Kipaketi kimoja cha bizari hapa kimeninunulia kiwanja. Nikaseme nini mimi?" Akashusha sauti. "Hama, dada. Njoo huku. Kazi yenyewe nyepesi."

"Huwa mnamfundisha nani kutembea?"

"Kutembea?" Shomvi alishangaa kweli. "Nani anatembea hapa? Kila mtu ana gari. Hapa tunatibu shingo. Wanaitikia sana hawa watu, shingo zinachoka."

Zawena alirudi kwa lori tupu. Njia nzima alikuwa anagombana na watu ambao hawakuwemo kwenye lori, na dereva, mtu mstaarabu, alikuwa anaitikia "kweli kabisa" kwa niaba yao.

*

"Ngoja kwanza," alisema Bi Siwatu baada ya kusikia yote. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mbao, mguu umenyooshwa. "Yaani wewe unalala na njaa kwa sababu mimi nauza rahisi?"

"Kwa mujibu wa serikali, ndiyo."

Bi Siwatu akacheka mpaka kitanda kikalia. Akacheka akashika nyonga, akasema ala, akacheka tena. Halafu akaacha ghafla.

"Huyo mpimaji wao anakuja lini?"

"Msimu unapofunguka. Siku ya gulio."

"Niitie shoga zangu wa sokoni. Wote. Na wale wazee wa mdalasini, hata wale tusiosalimiana."

"Bi Siwatu, mnataka kufanya nini? Huo si utakuwa uongo?"

"Uongo uko wapi? Mimi nitamtajia bei yangu. Asiponunua, nitajuaje kama asingenilipa?"

Zawena alitaka kubisha. Tumbo lake likamkataza.

Wakaja. Chumba cha mazoezi kikanukia kama jiko la mtu mwenye uwezo. Bi Siwatu alikaa katikati akatoa maagizo, huku Zawena amemshika kifundo cha mguu anaukunja na kuukunjua, kwa sababu mkutano ni mkutano na mazoezi ni mazoezi.

Siku ya gulio akafika Bwana Ndembo, ambaye cheo chake kilikuwa Mpima Maisha wa Kanda. Alivaa suti ya sufu kwenye lile joto na kubeba mwavuli na mizani yake mwenyewe, maana hakuwaamini watu. Akasimama mbele ya meza ya iliki ya Bi Siwatu, iliyokuwa inaangaliwa na shoga yake mmoja.

"Mama, iliki hii kiasi gani?"

"Ngapi?"

"Nasema kilo."

"Kilo!" Yule mama akageuka nyuma. "Jamani, njooni mumsikie! Eti anataka kilo!"

Soko likacheka. Bwana Ndembo naye akacheka kidogo, asije akaonekana mgeni.

"Huku tunauza punje, bwana mkubwa. Punje moja, kuku mmoja."

"Kuku mzima?"

"Wewe umeona wapi kuku nusu akataga?"

Akaandika. Akasogea kwa mzee wa mdalasini, ambaye alikuwa amefunika bidhaa kwa kanga mbili kama maiti.

"Hebu niuone."

"Kuona kuna bei yake. Kunusa kuna bei yake. Kununua, njoo na wajomba zako tukae kikao."

"Na karafuu?"

"Karafuu hatuitaji hadharani," mzee alinong'ona. "Kuna watoto."

Kalamu ya Bwana Ndembo ilikimbia. Kadiri alivyoandika ndivyo uso wake ulivyong'aa, maana kwa muda mrefu alikuwa anapeleka Makao taarifa za bei ndogo ndogo zisizo na heshima. Alipomaliza alipanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu wa Harufu Njema! Hongereni sana! Maisha yenu yamepanda kupita kiasi! Mmekuwa mkoa wa gharama, kama mikoa mingine mikubwa!"

Watu wakapiga vigelegele. Na alipokuwa anaondoka wakaona si vizuri mgeni atoke mikono mitupu mahali ambapo iliki inaoza. Wakamtwisha gunia zima, bure. Bwana Ndembo alishukuru, akalipakia, akaenda zake. Hakuona ajabu yoyote.

*

Mshahara ukapanda. Zawena alipouona alidhani wamemlipa wa mtu mwingine.

Akapanga chumba chenye dirisha. Akala samaki, mzima, na kichwa chake. Akanunua raba mpya za kuweka chini ya magongo ya wagonjwa, zile kuukuu zilikuwa zinateleza. Akawa na nguvu ya kuinua mtu. Na ndani ya kipindi kile kifupi Bi Siwatu akaachia mkono mmoja. Mkono ule ukabaki hewani, haujui pa kwenda, kama mgeni aliyekosa kiti.

"Unaona?" alisema Zawena.

"Sioni kitu, nimefumba macho. Niambie nikishafika."

Lakini taarifa ya bei huwa haikai kimya. Ilisomwa Makao, ikasomwa tena, na ghafla wataalamu wa viungo wa Makao wakashikwa na uchungu wa kuwatumikia wananchi wa Harufu Njema. Hawakuwa wamewahi kushikwa nao kabla. Mmoja baada ya mwingine wakaomba uhamisho, wakapewa. Wa kwanza alikuwa Shomvi. Mishahara yao ikahamia Harufu Njema mara moja. Wao wenyewe walibaki Makao kwanza, kumalizia shingo walizokuwa wameanza.

Kwa hesabu ya wizara, mkoa sasa ulikuwa na wataalamu kupita kiasi. Lazima mmoja atoke. Na kwa kuwa huu sasa ulikuwa mkoa wa maisha ya juu, haikuwa busara kuuacha mikononi mwa mtu aliyezoea maisha ya chini. Barua ya Zawena ikaja, fupi na yenye salamu nyingi: ahamie Kaukia.

Soko lilifanya lililoweza. Wazee wa mdalasini walikwenda kwa Bwana Ndembo wakaapa kwamba walikosea, bei imeshuka, iliki inagawiwa bure, aje aone. Bwana Ndembo aliwatazama kwa huruma.

"Wazee wangu, maisha yakishapanda hayashuki. Huo ndio msimamo wa serikali. Nikiandika yameshuka, nitaonekana nimeyashusha mimi."

Zawena alifikiria kuacha kazi. Lakini alikuwa amesomeshwa na serikali, na atakayeacha kazi hutakiwa kuyarudisha masomo, na namna ya kuyarudisha ilikuwa haijawahi kumfurahisha mtu yeyote.

Bi Siwatu aliposikia hakucheka, hakutukana. Alikaa kitandani akiutazama mkono wake, ule uliojifunza kuachia.

"Nilidhani nakukuza, mwanangu," alisema. "Kumbe nakuuza."

"Si wewe, Bi Siwatu. Usiseme hivyo."

"Nani basi? Mimi ndiye niliyewaita. Mimi ndiye niliyewaambia waseme kuku."

"Kaza paja. Tusipoteze muda. Kaza."

"Mimi nalia, wewe unaniambia paja!"

"Lia, huku umekaza."

*

Mheshimiwa Mgongolwa alikuja mwenyewe kuwakabidhi wananchi wataalamu wao wapya. Uwanja wa hospitali ukapambwa. Kwenye jukwaa vikapangwa viti vya kochi, kila kimoja na kadi ya jina la mtaalamu, kwa kuwa wataalamu wenyewe, alieleza Mheshimiwa, walikuwa na majukumu ya kitaifa, ila mioyo yao ilikuwa imekwisha kuwasili. Kiti cha Bwana Shomvi kikavishwa shada la maua. Watu wakaombwa wavipigie viti makofi. Wakapiga, kwa sababu jua lilikuwa kali na soda zilikuwa zinagawiwa mwishoni.

Pembeni ya uwanja lilisimama gari la wazi la hospitali, injini inanguruma. Nyuma yake kulikuwa na godoro, ndoo, sufuria, na Zawena, ameketi juu ya godoro. Safari ya Kaukia ilipangwa siku hiyo hiyo ili kubana matumizi ya mafuta, ingawa hakuna aliyeeleza yanabanwaje.

"Ndugu wananchi," sauti ya Mheshimiwa ilikuwa inapasuka kwenye kipaza sauti, "serikali yenu imewaletea viungo mpaka mlangoni..."

Ndipo Zawena akaona mlango wa chumba cha mazoezi unafunguka.

Bi Siwatu alikuwa amesimama. Alishika fremu ya mlango, akashika ukuta, akaufuata ukuta. Ukuta ukaisha. Mbele yake ukabaki uwanja mtupu hadi jukwaani, hakuna chuma, hakuna gongo, hakuna bega la mtu. Zawena akainuka kwa magoti juu ya godoro. Moyo ulimwambia apige kelele, rudi, utaanguka. Akajiziba mdomo kwa kiganja, asije akamshtua.

Yule mama akautazama uwanja kama anavyomtazama mteja anayeshusha bei kwa kejeli. Kisha akaenda. Alitembea vibaya. Alitembea kwa hasira tupu, nyonga inapinda, mikono inachota hewa, kanga inaburuta, huku anasema peke yake maneno ambayo hayaandikiki. Watu wakampisha. Soko zima lilikuwa pale, na soko zima likaacha kutafuna.

Alipofika jukwaani alishika mgongo wa kiti cha Shomvi, akahema.

"Huyu?" aliuliza. "Huyu ndiye atakayeninyoosha nyonga? Haya, kiti! Ninyooshe! Nipo hapa!"

Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa alimtazama mama, akatazama kiti, akatazama umati. Alikuwa mtu wa siasa siku nyingi. Akainua mkono.

"Ndugu wananchi! Mama huyu alikuwa anatembea?"

"Alikuwa hatembei!" umati ukajibu. Ilikuwa kweli.

"Na sasa?"

"Anatembea!" Hiyo nayo ilikuwa kweli.

"Wataalamu wetu hawajafika hata getini," Mheshimiwa alilia kwa furaha, "na tayari kazi inaonekana! Je, wakifika?"

Makofi kama hayo yalikuwa hayajawahi kusikika Harufu Njema. Mpiga picha wa serikali akaruka mbele. Bi Siwatu akapigwa picha ameshika kiti, mdomo wazi; gazeti la wizara lilisema alikuwa anashukuru.

"Aliyenifundisha si kiti!" alikuwa anapayuka. "Aliyenifundisha yuko kule! Kule! Mnampeleka wapi?"

Kipaza sauti kilikuwa kwa Mheshimiwa, na Mheshimiwa alikuwa anavishukuru viti, kimoja kimoja, kwa majina.

Dereva aliona hotuba inakaribia mwisho na njia itajaa magari ya wakubwa. Akatia gia. Gari likaanza kusogea kwenda getini. Bi Siwatu akaliona, akakiachia kiti, akageuka kulifuata.

Sasa hasira ilikuwa imemwishia, na mguu ukalijua hilo mara moja. Ukaanza kuburuta. Vidole vikachora mstari kwenye vumbi. Zawena akasimama wima nyuma ya gari, mkono mmoja umeshika chuma cha bodi.

"Kisigino, Bi Siwatu! Usiburute! Kisigino kwanza, halafu vidole!"

"Simamisheni hilo gari!"

"Usinitazame mimi! Tazama mbele! Kisigino!"

"Mbele ndiko uliko wewe, mjinga!"

"Basi nitazame! Kisigino kwanza!"

Gari lilipita getini. Nyuma ya vumbi Zawena alimwona yule mama amesimama peke yake katikati ya uwanja, anayumba, anauinua mguu wa serikali kwa tabu kubwa na kuupeleka mbele. Kisigino kikagusa chini. Vidole hakuviona. Gari lilikuwa limekwisha kata kona.